Mhandisi Hufundishwa na Mikono Yake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Nimeombwa nizungumze juu ya namna mhandisi anavyofundishwa chuo kikuu. Nimeifanya kazi hiyo ya uhandisi tangu nilipokuwa kijana hadi kustaafu, na kwa miaka kadhaa nimeifundisha. Lakini sikuja kujisifu. Nimekuja kuungama kosa, kwa kuwa wahenga walisema mficha uchi hazai.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, tulikuwa na zoezi la maabara la kupima ugumu wa boriti. Boriti ndogo yenye urefu wa mita moja, upana wa milimita 25 na kimo cha milimita 12, huwekwa juu ya vigingi viwili. Katikati unatundika mawe ya mizani, na kipimo chenye mshale, mfano wa saa, kinakuonyesha imenesa kiasi gani. Kutokana na kunesa huko unakokotoa ugumu wa chuma chenyewe. Zoezi lilikuwa la kila mwaka, na ripoti za wenzetu waliotutangulia zilizunguka mabwenini kama sigara.

Siku hiyo tulikuta boriti imepakwa rangi nyeusi, imekwisha pangwa tayari. Tukatundika kilo mbili. Kwa hesabu za kitabu, chuma cha pua kingenesa nusu milimita na kidogo. Mshale ukaonyesha zaidi ya milimita moja na nusu. Tukapunguza mzigo, tukaongeza, tukarudia. Kila mara jibu lilikuwa mara tatu ya lile tulilolitarajia.

Je, tulifanya nini? Mwenzetu mmoja alisema kipimo kimeharibika. Mwingine akasema tumekosea kusoma. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kundi. Nikachukua ripoti ya mwaka uliopita, nikagawanya namba zetu kwa tatu, nikachora grafu iliyonyooka kama rula, na nukta zake nikazitia baada ya kuchora mstari. Tukapeleka.

Juma lililofuata mwalimu aliingia darasani na ile boriti mkononi. Alimpa mwanafunzi wa mstari wa mbele aishike, kisha akasema ampe jirani yake. Ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu, mwili ukanisisimka: ilikuwa nyepesi! Boriti ya chuma cha pua yenye vipimo vile ingezidi kilo mbili. Ile haikufika kilo moja. Ilikuwa alumini, na ugumu wa alumini ni kama theluthi moja ya ule wa chuma cha pua. Mshale haukuwa umekosea hata chembe. Makundi yote yalikuwa yameandika chuma cha pua.

Mwalimu hakutukaripia. Alituuliza swali moja tu: "Ni nani kati yenu aliyeinua boriti hii?" Hakuna aliyenyosha mkono. Ukweli tulikuwa nao, tena tuliupima wenyewe, tukaukana kwa ajili ya karatasi ya mtu mwingine.

Vijana, huo ndio msingi wa maabara. Watu hudhani maabara ipo ili kuthibitisha kitabu. La hasha. Kitabu hakihitaji uthibitisho wa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Maabara ipo ili mwanafunzi azoee kusimama mbele ya kitu ambacho hakijali anataka jibu gani.

Jambo hili wengine walilitambua zamani. Mwaka 1868, katika shule ya ufundi ya kifalme mjini Moscow, Victor Della-Vos alipanga mafunzo ya karakana kwa hatua: mwanafunzi anaanza na jiliwa na tupa, anatengeneza viungo vyepesi, kisha vigumu zaidi, kila kimoja kikipimwa. Kazi hizo zilionyeshwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1876. Rais wa chuo cha MIT, John Runkle, alipoziona alivutiwa mno, akaanzisha mafunzo kama hayo chuoni kwake.

Katika miaka ya 1970, chuoni hapo hapo MIT, mwalimu Woodie Flowers alikuwa akimpa kila mwanafunzi sanduku la vikorokoro na kazi moja: tengeneza mtambo, kisha ulete ushindane na wa wenzako. Mtambo unaosimama katikati ya shindano hauwezi kubishana na mtu. Nako Denmark, Chuo Kikuu cha Aalborg kilianza mwaka 1974 kwa utaratibu ambao wanafunzi, wakiwa katika makundi, hutumia karibu nusu ya muda wao kutafuta ufumbuzi wa tatizo la kweli. Kwetu hapa, Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na mafunzo ya vitendo viwandani yakawa sehemu ya masomo. Mtoto wa hesabu alijikuta amevaa ovaroli, akitumwa na fundi amletee spana. Wengi waliona haya mwanzoni. Baadaye walikiri kwamba fundi yule aliwafundisha mambo ambayo hawakuyapata penginepo.

Sasa nirudi kwangu. Miaka michache baada ya kuhitimu nilikuwa msimamizi kijana kwenye jengo la ghorofa. Zege la nguzo hupimwa kwa kuvunja michemraba iliyomwagwa siku ile ile, mingine ikiwa na siku 7, mingine siku 28. Majibu ya siku 28 ya nguzo mbili yaliponifikia, yalikuwa chini sana. Ujenzi ulikwisha kuchelewa. Mkubwa wangu, mtu mzima niliyemheshimu, aliniambia kwa upole, "Bwana mdogo, andika kama zile za juzi. Michemraba hukosewa."

Nilikaa na karatasi ile mfukoni siku mbili. Nisiwadanganye, niliogopa. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Lakini kila niliposhika kalamu nilihisi uzito wa ile boriti, au tuseme wepesi wake. Siku ya tatu niliandika namba zilivyokuwa. Tukachimba vipande kutoka nguzo zenyewe, navyo vikasema vile vile. Nguzo zikavunjwa. Ikagundulika kwamba siku ya kumwaga mchanga ulikuwa umelowa mvua, na maji ya kuchanganyia hayakupunguzwa. Na nani alipaswa kuona? Ni mimi! Nilikuwa nimesimama pale, nikitazama ramani, sikuugusa mchanga.

Nilihamishwa kutoka kazi ile, na haikuwa kwa kupandishwa cheo. Jengo lipo, watu wanakaa humo, nami nalala usingizi.

Ndugu zangu, leo asubuhi niliomba kutembezwa maabara yetu ya fizikia. Vifaa vipo ndani ya kabati la vioo, vimepangwa vizuri, na kufuli juu yake. Kijana aliyenitembeza, wa kidato cha nne, aliniambia kipimo cha umeme amekiona kupitia kioo tu. Simlaumu mwalimu. Kifaa kikivunjika anaulizwa yeye, na hana fedha ya kununua kingine. Hata mimi nilipokuwa mkuu wa idara nilifunga makabati kwa hofu hiyo hiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mliosoma hapa si jengo jipya wala jiwe la msingi lenye majina yetu. Naomba tuanzishe mfuko wa vitu vinavyovunjika. Kila mwaka mwalimu alete orodha ya vilivyovunjika mikononi mwa wanafunzi, nasi tulipe bila kuuliza ni nani. Tuhoji mwaka ule tu ambao orodha italetwa tupu.

Nanyi vijana, kabati likifunguliwa, msiniangushe. Andikeni mlichokiona, hata kama jirani yenu ana jibu zuri zaidi. Na kabla ya kupima boriti yoyote, iinueni kwanza.