Mbayuwayu Vitani: Heshima na Deni

Tarehe 23 Machi, 2019, katika uwanja uliokuwa ukiitwa Prince Louis Rwagasore mjini Bujumbura, timu ya taifa ya Burundi ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Gabon. Kwa kawaida, sare nyumbani si jambo la kushangiliwa. Lakini sare hiyo iliifikisha Burundi, kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na ikaiacha nje Gabon pamoja na mshambuliaji wake mashuhuri, Pierre-Emerick Aubameyang.

Ndugu wapiganaji na askari wa polisi, timu hiyo huitwa Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu vitani. Hapana shaka jina hilo lilistahili siku ile. Cédric Amissi alifunga katika dakika ya 76. Dakika chache baadaye mlinzi wa Burundi akajifunga mwenyewe. Kuanzia hapo bao moja tu la Gabon lingeharibu kazi ya karibu miaka miwili. Vijana hawakutawanyika wala hawakulaumiana. Kila mmoja alibaki mahali pake mpaka filimbi ya mwisho.

Furaha ya wananchi ilikuwa kubwa, na ilikuwa na sababu. Fainali za mwaka 1994 Burundi ilizikosa kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Guinea. Baadaye taifa likapita katika miaka mirefu ya vita. Saido Berahino, aliyefunga bao la Burundi katika sare ya kwanza na Gabon mjini Libreville mwaka 2018, alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, baba yake akauawa katika vita hivyo, naye akakulia ukimbizini Uingereza. Aliporudi kuvaa jezi ya nchi yake, wengi waliona kwamba mpira umekusanya kile ambacho vita vilikitawanya.

Hata hivyo, tangu siku ile ya furaha wapo waliotikisa kichwa. Katika michezo 6 ya kufuzu Burundi haikufungwa hata mmoja, lakini ilishinda 2 tu, yote dhidi ya Sudan Kusini. Mingine 4, dhidi ya Mali na Gabon, ilikwisha kwa sare. Hakuna mkubwa aliyeishinda Burundi, na Burundi haikumshinda mkubwa yeyote. Waliosema hivyo hawakuwa wasaliti. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mashaka hayo yalithibitika nchini Misri mwezi Juni mwaka huo. Nigeria ilizuiwa hadi dakika ya 77, ndipo Odion Ighalo, aliyekuwa ametoka benchi dakika chache tu kabla, akafunga bao la pekee. Madagascar nayo ilizuiwa hadi dakika ya 76, ikafunga kwa mpira wa adhabu. Guinea, ile ile ya mikwaju ya penalti, ilishinda kwa mabao 2 kwa 0, Burundi ikiwa imebaki na wachezaji 10 tangu mapema kwa sababu ya kadi nyekundu. Michezo 3, hakuna pointi, hakuna bao. Wala ugeni haukuwa udhuru, kwani Madagascar pia ilikuwa mgeni katika fainali hizo, nayo ilifika robo fainali.

Basi mwananchi afurahi au ahuzunike? Ukweli ni kwamba hisia zote mbili ni za haki, na hakuna sababu ya moja kuifukuza nyingine. Askari analielewa jambo hili kuliko raia yeyote. Anajua kwamba kulinda ngome ni kazi ya kishujaa, lakini pia anajua kwamba kulinda ngome si kuteka ngome. Kikosi kinachoweza kuzuia peke yake huishiwa nguvu saa za mwisho, adui anapoingiza askari wa akiba wenye pumzi mpya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Misri. Moyo wa Burundi ulikuwepo. Kilichopungua ni akiba, na akiba haipatikani siku ya mapambano. Hujengwa miaka mingi kabla, katika viwanja vya shule, vya mitaa na vya kambi.

Deni hilo bado halijalipwa. Fainali za mwaka 2021, za 2023 na za 2025 zote zilifanyika bila Burundi. Anayeikumbuka sare ya Machi 2019 kwa kujisifu tu hulitumia jina la vijana wale kama blanketi la kujifunikia. Anayekumbuka vipigo vya Misri peke yake huwanyima heshima waliyoipata kwa jasho. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na aliyekubali kushindwa bila kufanya mazoezi upya, naye si mshindani. Vijana wa mwaka 2019 waliulinda mlango mpaka ukafunguka. Wanaowafuata wana wajibu wa kupita.