Hatuombi huruma, tunaomba jibu
Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa informatiki, Lubumbashi



Tunajua wengine wametembea kwa miguu toka Katuba na Ruashi juu ya pesa ya taksi haiko. Hatutawapotezea wakati.

Sisi ni vijana saba wenye diploma ya informatiki. Kila mmoja wetu alishafanya mahojiano ya kazi ya kuandika programu, wengine mara mbili, mwingine mara tano. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyesaini mkataba. Tulikaa pamoja, kila mtu akaeleza vile ilimpitia, bila kuficha. Tuliyoyasikia ndiyo tunawaletea.

Tuanze na makosa yetu wenyewe. Kwenye iniversite tulichora Merise mpaka usiku, tukaandika programu kwa kalamu juu ya karatasi, tukapata pointi. Siku ya mahojiano wakatuuliza: "Kazi zako ziko wapi kwenye Git, tuzione?" Wawili kati yetu walikuwa hawajui Git ni nini. Na Git iko toka 2005! Ni chombo cha kutunza kila badiliko la programu ili watu wengi waifanyie kazi pamoja. Basi tusiseme kila mara ni ukabila, ni ndugu wa mkubwa ndiye alipita. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine hatukujua kazi.

Walituuliza pia: uko na orodha ya majina 1.000.000, yamepangwa kwa alfabeti, utatafuta jina moja namna gani? Mwenzetu akajibu: nitaangalia moja kwa moja. Hiyo inaweza kufika mara milioni. Jibu ni hili: fungua katikati, tupa nusu ambayo jina haliwezi kuwa ndani, fungua tena katikati ya ile iliyobaki. Hatua 20 zinatosha. Kila mtoto mwenye kutafuta neno katika diksionere anafanya vile. Akili tulikuwa nayo, mazoezi ndiyo tulikosa.

Lakini si kila swali liko na maana. Kuna mahali walituuliza mipira mingapi inaweza kuingia ndani ya basi. Google yenyewe ilijulikana kwa maswali ya namna ile. Mwaka 2013, Laszlo Bock, aliyesimamia mambo ya watumishi pale, aliliambia gazeti la New York Times kwamba ni kupoteza wakati, hayaonyeshi nani ataweza kazi. Huku kwetu bado wanatupimia nayo.

Halafu lugha. Mwenzetu mmoja alihojiwa na kampuni yenye biro Nairobi. Kiingereza kikamkwama katikati. Mama aliyekuwa anamhoji akamuuliza: "Unajua Kiswahili?" Akaeleza njia yake yote kwa Kiswahili chetu cha hapa Lubumbashi. Yule mama alicheka kidogo, lakini alielewa, akampitisha hatua ile. Kiingereza tujifunze, ndiyo. Lakini tusikae kimya wakati tuko na lugha ingine ya kusema.

Sasa umeme. Teste ya dakika 90, kwenye intaneti. Wawili wetu walikatikiwa umeme katikati, kila mmoja siku yake. Wa kwanza betri ilimfikisha dakika ya 40, mashini ikazima. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile inayoingia mu betri, inachimbwa katika nchi yetu! Aliona haya, hakuandikia mtu. Wa pili aliandika jioni ile ile: umeme ulikatika saa fulani, naomba nirudilie. Kesho yake wakamfungulia teste upya. Kazi hakupata, lakini walimwambia sababu, na leo anajua pa kurekebisha. Ule wa kwanza mpaka sasa hajui kitu.

La mwisho ndilo linatuuma zaidi. Kampuni moja ya hapa mjini iliwapa watatu wetu "kazi ya nyumbani", kila mmoja kwa mwezi wake. Siku nne za kazi, mega za kununua kwa deni. Hakuna aliyeitwa tena. Siku tulikaa pamoja tukalinganisha: mmoja alipewa sehemu ya stoki, mwingine sehemu ya faktire, mwingine sehemu ya wateja. Programu moja, vipande vitatu. Hatuna ushahidi kwamba waliitumia, na hatutasema tusichokijua. Lakini swali tunaliuliza kwa sauti.

Kwa hiyo, kwa makampuni tunasema:

Moja, jibu. Hata likiwa "hapana", mtupe ndani ya siku 15. "Tutakupigia" si jibu.

Mbili, kazi ya nyumbani isipite masaa matatu. Ikipita, ilipwe. Na aliyeiandika abaki mwenyewe wa kazi yake.

Tatu, umeme ukikatika, teste ifunguliwe tena. Munaishi nasi katika mji huu, munajua.

Kwa serikali: kifungu cha 36 cha Katiba kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na taifa linatakiwa kumlinda na ukosefu wa kazi. Tunataka kuona umeme na intaneti katika makomini yetu, na vyombo vya leo mbele ya wanafunzi.

Na kwetu sisi wenyewe: tuache kuficha. Ukianguka katika mahojiano, kuja utuambie swali walilokuuliza. Tumefungua kayee moja, maswali yote yanaandikwa mule, na kila Jumamosi tunahojiana wenyewe kwa wenyewe. Nyumbani wanatuuliza kila mara: "Uko na nani mule?" Hatuna mtu mule. Tuko na sisi wenyewe.

Jumamosi, saa nane, hapa hapa. Mwenye laptopu alete. Mwenye hana, akuje tu.