Katiba Isiyowahesabu Wenye Nchi: Somo Kutoka Australia

(Mada niliyotoa kwenye darasa la vijana la mtandaoni)

Sitawachosha.

Mimi nasoma sheria, na kesi iliyoninyima usingizi mwaka huu ni ya Mabo. Tuanzie mwanzo.

Tarehe 26 Januari 1788, Arthur Phillip alipandisha bendera ya Uingereza pale Sydney. Alikuja na meli 11 za wafungwa na askari. Waaborijini walikuwa pale kwa maelfu na maelfu ya miaka, lakini hakuna mkataba uliosainiwa nao. Mwaka 1835 John Batman akadai amenunua ardhi kwa wenyeji, eneo la Melbourne ya leo. Gavana Bourke akasema hiyo ni batili, ardhi ni ya Mfalme. Yaani mwenyeji hawezi hata kuuza, kwa sababu kisheria hana kitu!

Tarehe 1 Januari 1901 makoloni 6 yakaungana, taifa likazaliwa. Sasa someni ibara ya 127 ya Katiba yao: wenyeji wasihesabiwe kwenye idadi ya watu. Ilifutwa kwa kura ya maoni ya 1967, zaidi ya asilimia 90 wakikubali. Lakini ardhi bado.

Ndipo anakuja Eddie Mabo, wa kisiwa cha Mer, mtunza bustani wa chuo kikuu. Aliambiwa pale chuoni kwamba shamba la ukoo wake ni mali ya serikali. Mwaka 1982 yeye na wenzake wakafungua kesi. Miaka 10! Tarehe 3 Juni 1992 mahakama ya juu kabisa ikakubali kwamba wenyeji walikuwa na haki zao za ardhi kabla ya Mwingereza. Mabo alishafariki Januari ile.

Sasa msiseme hayo ni ya mbali. Mwingereza huyohuyo, kwa sheria ya 1923, aliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana. Leo, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote iko mikononi mwa Rais kama mdhamini. Mfugaji akiambiwa ahame, anaonyesha nini?

Ndiyo maana nasema Katiba Mpya si suala la wanasiasa peke yao. Tusome vifungu, tuulize nani hakuhesabiwa, tena tuulize mapema. Mabo hakusubiri awe mwanasheria.

Maswali nayapokea.