Mwanafunzi wa Historia Atatufanyia Nini?

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata)



Mama mmoja wa kata hii alinisimamisha nje ya ofisi za Halmashauri. Binti yake anasoma Historia na Kiswahili chuo kikuu. Wenzake wa uhasibu wamekwisha kupata mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo; yeye kila ofisi humuuliza, "Utatufanyia nini?" Naomba nilijibu swali hilo mbele yenu.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba hutakiwa kuwa na katiba na andiko la mradi, na hapo ndipo wengi hukwama, si kwa uvivu, bali kwa sababu maelezo yao hayasomeki. Kuwasikiliza watu kumi wenye kauli kumi, kisha kuziweka katika ukurasa mmoja unaoeleweka, ni kazi ambayo mwanafunzi wa lugha au wa sosholojia huifanyia mazoezi muhula hadi muhula. Naye wa historia amezoea kupekua kumbukumbu na kupima ushahidi. Masjala zetu na mihtasari ya vijiji vinamhitaji, chini ya uangalizi na kwa kutunza siri.

Nilipokuwa nikisomea stashahada ya mawasiliano ya umma, nilipokewa katika ofisi moja ambako kwa wiki tatu nilitoa nakala na kuagiza chai. (Chai niliijua barabara.) Wiki ya nne msimamizi mmoja alinituma kwenye mkutano wa kijiji niandike taarifa. Aliirudisha mara mbili, imejaa wino mwekundu. Taarifa hiyo ndiyo niliyokwenda nayo kwenye usaili wangu wa kwanza.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara na watendaji: mwanafunzi apewe kazi yenye mwanzo na mwisho, na mtu wa kusoma anachoandika. Daftari lake la kazi lisisainiwe kwa mkupuo siku ya kuaga. Wanafunzi nao walete mapema barua ya chuo kwa Mkurugenzi Mtendaji, wakieleza wanachoweza kufanya. Tusidanganyane, mafunzo haya si ahadi ya ajira. Nafasi za utumishi wa umma zina utaratibu wake wa usaili.

Wazazi wenzangu, si kila mwanafunzi ana mkopo wa kujikimu wakati wa mafunzo. Mwenye chumba kilicho wazi karibu na ofisi ya kata amwarifu Mtendaji.

Mama yule nilimwambia binti aje na barua yake.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.