Nduma Kando ya Migomba

Tumeombwa tueleze kwa nini tuliacha kulima nduma kule mtoni. Kijito kilikuwa kinakauka, na ni sisi wenyewe tuliolima hadi ukingoni.

Sasa tunapanda nyumbani, kando ya migomba, pale kivuli kinapofika. Tunachimba mtaro wa upana wa mita 1, kina nusu mita, tunatandaza karatasi ya nailoni, halafu tunarudisha udongo uliochanganywa na samadi. Usiujaze hadi juu. Acha nafasi maji yakae. Kati ya mche na mche, sentimita 60.

Mtaro wa kwanza tuliuchimba juani kabisa. Jamani! Tulinyunyiza kila jioni na bado majani yakaungua. Tena jembe likatoboa nailoni, maji yote yakapotea ardhini. Siku hizi tunapalilia kwa mkono tu. Lakini kivuli nacho kisizidi, utapata majani makubwa na nduma za kidole. Migomba ikisongamana, tunaipunguza majani.

Ati nduma huwasha koo? Ni zile hazijaiva. Chemsha mpaka zilainike.

Machipukizi tunayo. Njooni na magunia, tugawane.