MASALIO SI MAKOMBO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumeona vema tuseme habari za mifarishi, yaani nguo nene za kujifunika zilizoungwa kwa vipande vingi vya vitambaa, ambayo raia wa Marekani huwashonea askari wao waliotoka vitani. Huenda mtu akauliza, makarani na ushonaji wapi na wapi? Twamwomba asubiri kidogo.

Desturi hii ni ya zamani katika nchi ile. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hata 1865, wanawake wa upande wa Kaskazini walishona mifarishi mingi, nayo ikapelekwa kwa askari na katika hospitali zao kwa mikono ya chama kilichoitwa Sanitary Commission. Kisha mwaka 2003 Bibi Catherine Roberts wa jimbo la Delaware, ambaye mwanawe alikuwa vitani Iraq, alianzisha kazi iitwayo Quilts of Valor. Mwenyewe alieleza ya kuwa aliona kama katika njozi kijana ameketi ukingoni mwa kitanda usiku wa manane, ameinama kwa uzito wa mambo ya vita; kisha akamwona yule yule amejifunika mfarishi, na hali yake imegeuka kuwa ya matumaini. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule mfarishi wa kwanza ulitolewa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, kwa askari kijana aliyepoteza mguu huko Iraq. Tangu hapo imekwisha kutolewa zaidi ya 300,000.

Sasa twafika kwenye neno letu. Mshonaji hapati hesabu kamili siku zote. Pengine hushona kipande cha kujaribia, akaona rangi hazipatani. Pengine hushona vipande 20, kumbe alihitaji 18. Pengine huchoka na mtindo akauacha njiani. Vipande hivyo hukaa kikapuni miaka mingi, na washonaji wa Marekani huviita yatima, kwa kuwa havina wenzao. Wako washonaji wavitoao vipande hivyo yatima kikapuni, wakaviunga kuwa mifarishi ya askari.

Mwenzetu mmoja alipotusikia tukizungumza habari hii alinena kwa uchungu, "Mtu ametoa mguu mzima, nanyi mwampa makombo?" Neno hili ni zito, wala hatukupenda kulipita. Jibu lake limo katika namna kazi yenyewe inavyotendwa.

Kwanza, vipande hukaguliwa. Kitambaa kilichochakaa, au chenye rangi itokayo majini, hukataliwa hata kama kinapendeza macho.

Pili, hupimwa. Vipande yatima havilingani: hiki ni inchi 12, hiki ni inchi 9. Mshonaji mwenye busara hakikati kile kikubwa ili kilingane na kidogo, maana atalikata na ua lake. Bali kile cha inchi 9 hukizungushia utepe wa inchi moja na nusu pande zote nne, kikawa sawa na mwenzake. Utepe huo hukatwa inchi 2, kwa sababu mshono hula robo inchi kila upande. Sisi makarani twapenda hesabu, basi na tuifanye: vipande 5 kwa upana na 6 kwa urefu ni vipande 30, yaani inchi 60 kwa 72. Ongeza pindo la inchi 4 juu na inchi 4 chini, utapata 60 kwa 80, ndicho kipimo kipendelewacho na chama kile.

Tatu, hupatanishwa. Tepe zote hukatwa katika kitambaa cha rangi moja, kama buluu iliyokoza, hata vipande vilivyokuwa wageni vikaonekana ndugu. Ndipo pamba huwekwa katikati na kitambaa kingine chini, tabaka zote tatu zikapigwa bandi, kisha zikashonwa pamoja.

Nne, mfarishi hufuliwa, na nyuma yake hushonewa kitambaa kidogo chenye majina ya walioushona na jina la askari mwenyewe. Tena chama hutaka utolewe kwa heshima: askari hutajwa kwa jina, hufunikwa mabegani, huambiwa asante. Basi je, haya ni makombo? Makombo hutupwa bila kutazamwa tena.

Walakini tusijidanganye. Mfarishi hauoteshi mguu, wala haulipi pensheni. Deni la serikali hubaki kuwa deni la serikali. Lakini liko deni jingine lililo juu ya jirani.

Na hapa ndipo makarani na ushonaji wanapokutana. Tunao wazee waliopigana vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Huja ofisini na karatasi zilizokunjwa mara nyingi, nasi ndio wa kwanza kuwaona. Mara ngapi tumewaambia, "Njoo kesho," bila kuinua macho? Saa ile ya mwisho ya kazi, ambayo twaiona haifai kuanzia jambo jipya, ndiyo kipande yatima chetu. Nayo yatosha kusoma barua ya mzee mmoja na kumweleza sawasawa lipi limepungua.

Kwa hiyo twaleta maombi mawili. Kila mwanachama aitoe saa hiyo mara moja kwa juma kwa ajili ya wazee hawa. Tena mabaki ya kanga na vitenge yaliyomo majumbani mwetu yaletwe mkutano ujao. Wake zetu wamekubali kutufundisha kupiga bandi, nasi tusione haya kushika sindano. Tuanze na mfarishi mmoja, kwa mzee mmoja tumjuaye kwa jina, kabla ya miezi ya baridi.

Wazee walisema, akiba haiozi. Lakini haimfuniki mtu ikiwa bado kikapuni.