Zizi la Muda la Uzio wa Umeme kwa Punda na Farasi wa Mikokoteni

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila msimu wa mavuno mazao hufika kwenye kituo cha kununulia kwa njia nyingi. Yako yanayokuja kwa lori, na siku hizi yako yanayokuja kwa pikipiki. Hata hivyo, katika sehemu nyingi, kama vile Mwea na Limuru nchini Kenya, mkokoteni wa punda ungali unafanya kazi ambayo chombo cha injini hakiwezi kuifanya kwa gharama ndogo kama hiyo. Mwenye mkokoteni akifika jioni na kukuta mzani umefungwa, hana budi kulala hapo hapo. Yeye atapata pa kujiegesha. Je, punda wake atalala wapi?

Kwa kawaida punda hufungwa kamba mguuni chini ya mti. Usiku kamba humzunguka, humchubua ngozi, na kesho yake mnyama anachechemea. Akiachwa huru, huingia katika shamba la jirani, na asubuhi karani wa chama, badala ya kupima mazao, anakaa kuamua kesi ya mahindi yaliyoliwa. Mara nyingine haonekani tena. Hiyo si hasara ndogo. Punda jike huchukua mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, naye mtoto huyo hukaa miaka kadhaa kabla ya kuweza kuvuta mzigo. Isitoshe, biashara ya ngozi za punda imepunguza wanyama hawa katika nchi nyingi za Afrika, hata mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, wakaafiki kusitishwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mwenye punda leo ana mali ambayo si rahisi kuipata tena.

Zizi la muda la uzio wa umeme ni njia moja ya kutatua tatizo hili. Huweza kusimamishwa na watu wawili kabla ya jua kuchwa, likakunjwa asubuhi na kuwekwa ghalani. Lakini faida yake hupatikana tu pale ambapo chama kinafahamu jinsi linavyofanya kazi, na kimemteua mtu wa kulitunza.

Asili yake

Uzio wa umeme una historia inayohusiana na farasi. Katika miaka ya 1930, huko Waikato nchini Nyuzilandi, alikuwapo mkulima aitwaye Bill Gallagher aliyekuwa na farasi jina lake Joe. Farasi huyo alipenda mno kujikuna kwenye gari la bwana wake. Gallagher akatega chombo kilichopeleka umeme kwenye bodi ya gari kila lilipotikiswa. Joe akaacha kulisogelea. Kutokana na jambo hilo la nyumbani kikazaliwa kiwanda, na uzio wa namna hiyo ukaenea katika mashamba ya ng'ombe na kondoo duniani kote.

Kisa hicho kina somo. Gari lile halikuwa na nguvu ya kumfukuza farasi, na umeme ule haukumjeruhi. Kilichomzuia ni kumbukumbu. Ndivyo ilivyo kwa zizi hili pia: utepe wake mwembamba hauwezi kumshinda punda mwenye nia ya kutoka. Humzuia kwa sababu anakumbuka alivyougusa mara ya kwanza. Kwa hiyo uzio usiokuwa na umeme hata kwa usiku mmoja ni uzio unaomfundisha mnyama kwamba anaweza kupita.

Namna unavyofanya kazi

Mashine ya uzio huchukua umeme mdogo wa betri ya volti 12, huupandisha hadi maelfu ya volti, kisha huutoa kwa mapigo, pigo moja kila baada ya sekunde moja au zaidi kidogo. Kila pigo ni la muda mfupi sana, halifiki hata sehemu ya mia ya sekunde. Mnyama hushtuka, na kabla ya pigo jingine anao wasaa wa kurudi nyuma.

Umeme huo husafiri kwa mduara. Hutoka kwenye mashine, hupita kwenye utepe, hupita katika mwili wa mnyama aliyeugusa, huteremka ardhini kwa kwato zake, hupita udongoni hadi kwenye nondo iliyopigiliwa chini, na kurudi katika mashine. Mduara ukikatika mahali popote, hakuna pigo. Ndiyo sababu ndege hutua juu ya utepe bila kudhurika, maana hagusi ardhi. Na ndiyo sababu vyama vingine hulalamika kuwa mashine ni mbovu kumbe kosa liko kwenye nondo: imepigiliwa kwa kina kifupi, imeshika kutu, au imo katika udongo mkavu kama majivu.

Vifaa na kipimo

Zizi la mraba lenye upande wa mita 12 hutosha punda wawili au watatu wanaofahamiana. Vifaa vyake ni hivi:

1. Mashine moja ya uzio, pamoja na betri iliyojaa au paneli ya jua ya kuijaza.

2. Nguzo 4 imara za mti kwa pembe, na nguzo 8 nyepesi za plastiki au za chuma zenye vishikizo vya plastiki. Hivyo kila baada ya mita 4 pana nguzo.

3. Utepe mpana mweupe wenye nyuzi za chuma ndani yake, mita 96 kwa mizunguko miwili, na ziada kidogo ya kufungia.

4. Vishikizo vya plastiki vya kuuzuia utepe usiguse mti, na mipini miwili ya plastiki ya kufungua na kufunga lango.

5. Nondo ya ardhi iliyopakwa zinki, yenye urefu wa mita moja au zaidi, na waya wake.

6. Kipimo cha uzio, na vibao vya tahadhari.

Utepe mpana ni bora kuliko waya mwembamba. Punda, na hasa farasi, ni mnyama wa kukimbia akishtuka, na waya asiouona humkata. Kwa punda, utepe wa juu uwe kama sentimita 90 hadi 100 kutoka ardhini, na wa chini kama sentimita 50. Kwa farasi, wa juu ufike kama sentimita 120, na wa chini kama sentimita 60 hadi 70.

Kusimamisha zizi

Kwanza, mahali pachaguliwe. Pawe tambarare, pasiwe na mawe makali, matawi wala mabaki ya seng'enge, pawe mbali na njia ya watoto wa shule, na pasiwe chini ya nyaya kubwa za umeme. Ni vema pawe karibu na kibanda cha mlinzi, kwa sababu itakayoelezwa baadaye.

Pili, majani marefu yafyekwe mahali utepe utakapopita. Kila jani bichi linalogusa utepe hunyonya umeme kidogo, na majani mia hunyonya mwingi.

Tatu, nguzo za pembe zisimamishwe kwanza, kisha za katikati. Utepe uvutwe mpaka usilegee, kwani ukilegea na kupepea kwa upepo huwatia wanyama hofu. Lango liwe upande unaoelekea mahali pa maji.

Nne, nondo ipigiliwe mahali penye unyevu, mbali kwa mita 10 au zaidi na waya wa ardhi wa umeme wa nyumba. Wakati wa kiangazi imwagiwe maji. Palipo pakavu sana huongezwa nondo ya pili na ya tatu, kwa nafasi ya mita 3.

Tano, mashine ikiwa bado imezimwa, waya mmoja uunganishwe na utepe na mwingine na nondo. Ndipo iwashwe. Kisha kipimo kitumike upande ulio mbali kabisa na mashine. Kikionyesha volti 3,000 au zaidi, zizi liko tayari. Taa inayowaka kwenye mashine si ushahidi wa kutosha: huonyesha kwamba mashine inafanya kazi, na haionyeshi kwamba umeme umefika kwenye pembe ya mwisho.

Kumfundisha mnyama

Mnyama asiyeujua uzio asiingizwe kwa mara ya kwanza usiku. Aingizwe mchana, akiwa amevuliwa lijamu, minyororo na kila kitu cha chuma. Azungushwe ndani polepole akiongozwa kwa kamba, auone utepe pande zote, kisha aachiwe. Ataunusa mwenyewe. Pua yake ina unyevu, na mguso mmoja humtosha. Asisukumwe kwa nguvu, kwani atashindwa kutofautisha baina ya uzio na mtu anayemtesa. Mwenyewe akae karibu kwa muda wa saa moja au mbili.

Ndani ya zizi pawe na maji na majani makavu, yawekwe katikati. Punda madume wasiohasiwa wasichanganywe, wala wanyama wa wenyeji wanaokutana mara ya kwanza, maana mwenye kufukuzwa ataruka uzio wowote.

Hatari zisizofanyiwa mzaha

Jambo lililo kubwa kuliko yote ni hili. Utepe au waya wa uzio usiunganishwe kamwe moja kwa moja na umeme wa nyumba. Umeme wa nyumba hauji kwa mapigo. Hukaza misuli ya mtu, akashindwa kuachia, akafa. Mwanachama anayetaka kuokoa bei ya mashine kwa njia hiyo anatega mtego wa kuua, na atakayenaswa huenda akawa mtoto wake.

Vilevile seng'enge isitiwe umeme, kwa sababu mtu au mnyama akinaswa kwenye miiba yake atapigwa tena na tena. Mashine mbili zisiunganishwe na uzio mmoja. Vibao vya HATARI viwekwe kila upande unaopitwa na watu. Watoto, na mtu mwenye chombo cha kusaidia moyo kifuani, wasiukaribie. Radi zikianza, mashine iondolewe kwenye utepe, na wanyama wapelekwe kwenye zizi la kawaida.

Ikumbukwe pia kwamba uzio huu humzuia punda asitoke. Haumzuii fisi kuingia, wala haumzuii mwizi, ambaye anaweza kuizima mashine kwa kidole kimoja. Hivyo zizi la umeme haliondoi haja ya mlinzi. Humpunguzia kazi, akapata nafasi ya kuangalia kinachotoka nje badala ya kukimbizana na kilicho ndani.

Wajibu wa chama

Si lazima kila mwanachama anunue mashine yake. Zana moja inayotunzwa na chama yaweza kutumika katika kituo kimoja wiki hii na katika kituo kingine wiki ijayo. Lakini zana ya wote, isipokuwa na mwenyewe, huharibika upesi kuliko zana ya mtu mmoja: betri huazimwa kwa ajili ya redio, nguzo hugeuka kuwa vijiti vya nyanya, na nondo husahauliwa ardhini. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa sababu hiyo yafaa halmashauri iamue mambo manne kabla ya kununua. La kwanza, ni nani atakayekabidhiwa zana hizi kwa saini. La pili, nani atalijaza betri na kwa fedha za kifungu gani. La tatu, ada atakayolipa mwenye punda kwa usiku, kama ipo. La nne, nani atapima uzio jioni na alfajiri, na kuandika kipimo hicho katika daftari pamoja na saa na jina lake. Kipimo kilichoandikwa kina faida nyingine: punda akitoka usiku na kula shamba la jirani, chama kitajua kama uzio ulikuwa na nguvu au la, na shauri litaamuliwa kwa maandishi badala ya kelele.

Makatibu wanaombwa waliingize jambo hili katika ajenda ya kikao cha halmashauri kitakachotangulia mavuno. Wakati huo punda bado wako nyumbani, na kuna nafasi ya kuwafundisha. Mwanachama aliyeleta mazao yake kwa uaminifu anastahili kurudi nyumbani na malipo yake mkononi na punda wake mzima.